"Pumzika, Mzee"

Ukipita vijiji vya Ufipa mwezi wa saba, saa tatu asubuhi, baridi ikiwa bado haijaachia, utawaona wazee wameketi ukutani upande wa jua. Mzee amevaa koti zito, amekwisha kupewa uji, na hakuna anayemsumbua. Wanawe watakuambia kwa fahari kwamba babu siku hizi hafanyi kazi yoyote: alitulea, sasa tunamlea. Sisi waseminari tuliozaliwa katika nyanda hizi tunaijua heshima hiyo na hatuidharau. Ni Amri ya Nne inayotekelezwa. Hata hivyo tunaona wakati umefika wa kujiuliza jambo moja. Tunapomwondolea mzee jembe, safari, hesabu ya magunia na mashauri ya nyumba, tukamwachia jua na uji, je, hatuulishi mwili huku tukiuacha ubongo na njaa?

Tunaamini ndivyo ilivyo, na sababu tunazo.

Watu wengi huuwaza ubongo kama betri ya redio: unaanza umejaa, unapungua, mwisho unakatika. Lakini ubongo wa mtu mzima huendelea kubadilika kadiri unavyotumiwa. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya wazee 120 waliogawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilitembea kwa miguu dakika 40, mara 3 kwa wiki, mwaka mzima. Jingine lilinyoosha viungo tu. Kwa waliotembea, ile sehemu ya ubongo inayoshughulika na kumbukumbu mpya, iitwayo hipokampasi, iliongezeka kwa takribani asilimia 2. Kwa wenzao ilipungua. Ni kutembea tu, ndugu msomaji. Mzee wa Ufipa alikuwa akitembea zaidi ya hapo kwenda shambani, kigangoni na msibani, mpaka siku mjukuu aliponunua pikipiki na kumwambia, "Pumzika, mzee, nitakupeleka."

Upo utafiti mwingine unaotugusa sisi watu wa seminari kwa karibu zaidi. Ulianza mwaka 1986 nchini Marekani, pale Dkt. David Snowdon alipowaendea masista wa shirika la Notre Dame, walimu karibu wote. Baadaye masista 678 wenye umri wa miaka 75 na zaidi walikubali kupimwa kumbukumbu kila mwaka, na kutoa ubongo wao uchunguzwe baada ya kufa. Katika nyaraka za shirika zilikutwa habari fupi za maisha ambazo baadhi yao walikuwa wameziandika kwa mkono kabla ya nadhiri, wakiwa na umri wa miaka 22 hivi. Wale ambao sentensi zao zilibeba mawazo mengi walipatwa na ugonjwa wa kusahau mara chache zaidi, miaka 60 baadaye. Kuna jambo la kushangaza kuliko hilo. Sista mmoja alikufa akiwa na miaka 101, akili timamu, akijibu vizuri vipimo vyake. Ubongo wake ulipofunguliwa ulikutwa umejaa alama za ugonjwa wa Alzheimer. Ugonjwa ulikuwamo, yeye hakuonekana kuugua. Wataalamu husema watu wa namna hiyo wana akiba. Kwa kutumia akili maisha yote, ubongo hujitengenezea njia nyingi, na moja ikiziba, nyingine inapitika.

Tuwe waangalifu hapa, kwa maana darasani tunaonywa mapema kwamba jambo kutangulia jingine si sawa na kulisababisha. Huenda binti aliyeandika vizuri akiwa na miaka 22 alikuwa tayari na ubongo imara. Hatumwahidi mtu yeyote kwamba akisoma sana hatasahau. Wapo maprofesa waliosahau majina ya watoto wao. Lakini ushahidi umekusanyika upande mmoja kiasi kwamba padre anayefunga vitabu vyake siku ya Daraja Takatifu, asivifungue tena isipokuwa Misale, anajitayarishia uzee mgumu.

Hatuhitaji kwenda Marekani kutafuta mfano. Jimbo la Sumbawanga lilitokana na Karema, na Karema kulikuwa na Adrien Atiman. Alizaliwa Afrika Magharibi, upande wa Timbuktu, akatekwa utumwani angali mtoto, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, akasomea udaktari Malta. Alifika Karema mwaka 1889 akiwa daktari na katekista, akabaki hapo mpaka alipofariki mwaka 1956, akikaribia umri wa miaka 90. Hospitali ya jimbo mjini Sumbawanga ina jina lake, na wengi wetu tumechomwa sindano pale bila kujiuliza Atiman ni nani. Kwa hoja yetu, jambo kubwa ni hili: mwaka 1946, akiwa na miaka kama 80, habari za maisha yake alizozisimulia mwenyewe zilichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Mzee wa miaka 80 alipanga upya safari ya miaka yake yote, kutoka mto Niger hadi ziwa Tanganyika, akaitolea maelezo. Hiyo ni kazi nzito ya ubongo. Mwalimu Nyerere naye alipotoka madarakani alirudi kwenye karatasi; mwaka 1996, akiwa na miaka 74, tenzi zake za Injili zilichapishwa.

Mtu atatuambia: hao ni wakubwa, babu yetu wa Laela hakusoma. Tunajibu kwamba babu wa Laela ana maktaba yake. Anajua jinsi ya kufukia majani katika matuta ya intumba ili yaoze na kurutubisha udongo, anajua mipaka ya mashamba ya ukoo, anajua nani alimwoa nani na kwa nini nyumba fulani hazisalimiani. Matanuri marefu ya udongo ya kuyeyushia chuma, ambayo mabaki yake bado yanaonekana Ufipa, yangekuwa vichuguu visivyo na maelezo kama watafiti wasingepata wazee wa kuwauliza. Kinachokosekana ni mtu wa kumuuliza mzee. Kumbukumbu isiyoulizwa hufunga njia zake kama kijia cha porini ambacho hakipitwi.

Sasa tuseme lile ambalo hulisemwa kwa sauti ya chini. Bibi anatoka nje usiku wa manane, anasahau mlango ni upi, anakutwa alfajiri ameketi uani kwa jirani na kanga moja. Watu hawasemi ni mgonjwa. Tunaujua utani: ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba unatoka Sumbawanga, anasogeza kiti nyuma kidogo kabla hajacheka. Kwa bibi huyu utani umekwisha. Katika nchi yetu wazee, hasa wanawake, wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu ya macho yaliyokuwa mekundu kwa moshi wa kuni. Inawezekana kabisa kwamba baadhi ya wanaonyooshewa kidole ni wagonjwa wa demensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu, ujuzi wa njia na hata tabia ya mtu. Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti walipowapima wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi katika vijiji 6, walikadiria kwamba zaidi kidogo ya 6 katika kila 100 wanao. Hakuna sababu ya kudhani Rukwa haina wagonjwa hao. Wapo, na wengi wao hawajawahi kuonwa na daktari kwa tatizo hilo.

Katika wilaya hiyo hiyo ya Hai kulifanyika jambo linalotufaa. Wazee 34 wenye demensia ambayo haijakomaa sana walishirikishwa katika vikao 14 vya kikundi: mazungumzo, nyimbo, michezo, kutaja vitu, kukumbuka ya zamani. Hakukuwa na mashine wala dawa ya gharama. Kumbukumbu na hali zao za maisha zilionekana kupata nafuu. Tuliposoma habari hizo tulitazamana. Watu wachache, nyumba kwa nyumba, kila wiki, wimbo, mazungumzo: sisi tunacho chombo hicho tayari, tunakiita Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo. Tatizo ni kwamba katika jumuiya nyingi mzee hukaa kwenye kiti kizuri kuliko vyote, hupewa mkono wa kwanza, kisha haulizwi neno mpaka sala ya kufunga. Luka anapomtaja nabii Ana, mwenye miaka 84, hamwonyeshi ameketi pembeni. Ndiye anayewasimulia wengine habari za Mtoto.

Tusieleweke vibaya. Wapo bibi wa Ufipa ambao uzee umewaongezea mizigo: wanalea wajukuu yatima, wanabeba maji na kuni. Kubeba ndoo ukiwa na miaka 78 si dawa ya ubongo, na anayetumia maneno yetu kumkalifisha mama yake ameyapotosha. Tunachodai ni nafasi ya kufikiri na kuamua: mbegu gani ipandwe, mahari ikubaliwe ngapi, kesi ya ng'ombe iishe vipi.

Tena yapo mambo ya mwili ambayo sala na mazungumzo hayatayaondoa. Jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilieleza mwaka 2024 kwamba karibu nusu ya demensia duniani, asilimia 45, inahusiana na mambo 14 yanayoweza kupunguzwa. Mengine ni ya utotoni, kama kukosa shule. Mengine tunayaona kila siku: presha isiyotibiwa, kisukari, sigara, pombe kupita kiasi, upweke, sonona, majeraha ya kichwa (na hapa tunawatazama ninyi vijana wa bodaboda msiovaa helmeti). Liko moja ambalo watu hulipuuza, nalo ni kutosikia. Mzee asiyesikia huacha kujibu, asiyejibu huachwa kusemeshwa, na asiyesemeshwa hudhaniwa amesahau. Kwa hiyo bibi akikaa kimya wakati wa Rozari, kabla ya kusema akili imekwenda, mketi upande wake wa kulia, kisha wa kushoto, mwone anasikia wapi. Mpelekeni hospitali aangaliwe masikio na macho. Presha inaweza kupimwa nje ya kanisa baada ya Misa, wauguzi waumini tunao karibu kila parokia.

Kwa likizo ya Desemba sisi wachache tunaotoka Laela, Matai na Namanyere tumekubaliana jambo dogo. Kwa ruhusa ya maparoko wetu, kila mmoja atakaa na watoto wa Utoto Mtakatifu wa kigango chake na kuwapeleka kwa wazee, wawili wawili, wakaulize: kanisa hili lilijengwaje, nani alifyatua matofali, katekista wa kwanza alitoka wapi, mwaka wa njaa mlikula nini. Watoto wataandika, kisha watarudi wiki inayofuata kumsomea mzee na kumwomba arekebishe. Madaftari tumeshanunua, 40, ya kurasa 96.