Mfadhili Mkuu wa Filamu Zetu Ni Shangazi

GUMZO LA JUMAMOSI
Na Sikudhani Magesa

Ukikaa mpaka filamu ya Kitanzania iishe na majina yaanze kupanda kwenye kioo, utaona shukrani kwa mwenye nyumba iliyotumika, kwa mwenye gari, kwa mwenye saluni, kwa mwenye mgahawa. Shangazi wa Tabata sijamwona hata mara moja.

Naye ndiye aliyelipa. Kijana aliyeshika taa kwenye filamu hiyo alilala kwake, alikula kwake, alioga maji ya ndoo yake saa kumi alfajiri, na nauli ya kwenda lokesheni alimwomba yeye. Mtayarishaji hakumpa kitu kwa kuwa kijana "bado anajifunza". Kwa hiyo ujira wake ulitoka kwa shangazi: kitanda, ugali, vocha. Sidhani kama kuna kampuni ya simu au kiwanda cha soda kilichotia fedha nyingi kwenye sinema ya nchi hii kuliko wanawake hawa. Wenyewe hawajui kama ni wafadhili. Wanadhani wanalea.

Nasema hivyo nikiwa mmoja wao. Mtoto wa kaka yangu alishuka stendi ya Magufuli akitoka Mwanza na begi, cheti cha utengenezaji wa filamu, na flashi iliyojaa harusi alizopiga huko kwao. Tangu hapo uani kwangu pamekuwa kijiwe cha mafundi wa seti wanaokuja kuchaji betri na simu, na mimi nikichambua mchele nimekuwa nikisikiliza. Nimesikia mengi ambayo wakubwa wa tasnia hawayasemi kwenye mahojiano.

Wapo watakaouliza kwa nini hakubaki Mwanza, maana harusi hazijaisha huko. Tatizo ni kwamba tamthilia ziko Dar. Steven Kanumba, ambaye naye alizaliwa Shinyanga kabla ya kuja kuwa nyota wa jiji hili, alipofariki Aprili 2012 filamu zetu zilikuwa bado biashara ya diski. Unapiga picha siku chache, unapeleka kazi Kariakoo, msambazaji anakupa fungu lako, mastaa wanachukua chao na mafundi wanagawana makombo. Biashara ile imekwisha. Leo mlipaji ni televisheni, yaani Maisha Magic Bongo, Azam na wengine, na tamthilia kama Huba au Jua Kali si kazi ya wiki moja. Inataka mtu wa taa, wa sauti, wa mavazi na wa mwendelezo mwezi hadi mwezi. Kuna vijana sasa wanaoweza kuaga nyumbani asubuhi wakisema wanakwenda kazini, na jirani asicheke. Kazi hizo zinapigwa kwenye nyumba kubwa za Goba na Mbezi Beach. Nyegezi, kule Mwanza, hazijafika.

  

Mgeni wa filamu anafika Dar na shabaha moja: aonane na mwongozaji. Anazunguka Sinza na Kinondoni akitafuta koneksheni, anapiga picha na msanii maarufu mlangoni mwa baa, anaiweka kwenye mtandao, anasubiri. Wengine wanaangukia kwa matapeli wa usaili. Hapo sina maneno mengi: anayekudai hela ya fomu ili akupe kazi, kazi hana.

Sasa tazama kazi inavyopatikana hasa. Ni saa nne usiku. Meneja wa uzalishaji ana ratiba ya kesho saa kumi na mbili asubuhi, na msaidizi wa taa amempigia kumwambia amepata mchongo wa video ya Bongo Fleva wenye hela zaidi. Meneja hafungui barua pepe, wala hasomi wasifu wa mtu. Anampigia fundi taa wake: "Una mtu?" Fundi taa anataja jina la kwanza linalomjia, na linalomjia ni la kijana aliyemwona wiki hii, aliyefika mapema, ambaye hakumganda akimwomba namba ya bosi. Basi, kazi imeshatoka. Haikutangazwa popote, na hakuna aliyeikosa kwa kukosa kipaji.

Kwa hiyo wa kumtafuta ni fundi taa, na kuliko fundi taa, msaidizi wake, kwa sababu huyo ndiye anayepata mchongo mwingine na kuacha pengo. Mwongozaji hana nafasi ya kugawa kwenye ngazi hiyo, na mara nyingi hajui hata jina la anayebeba stendi.

Watu hawa wana mahali pao. Wapo kwenye maduka yanayokodisha kamera na taa, asubuhi vifaa vinapotoka na usiku vinaporudi. Mtu akisaidia kupakia mara mbili tatu anaulizwa jina. Wapo kwenye video za muziki, zinazopigwa usiku kucha na siku zote zina upungufu wa mikono. Tamasha la filamu la ZIFF likifika, wako Unguja wakivuta nyaya nyuma ya jukwaa, na mgeni mwenye akili anakwenda kusimama huko, si mbele ya bango wanakopigiwa picha mastaa. Na Jumamosi wako kwenye kumbi za harusi. Watu wa filamu wanaposhika maikrofoni hujifanya hawazijui harusi, lakini ndizo zinazowalisha kati ya tamthilia moja na nyingine: kicheni pati, sendofu, ndoa yenyewe, na wiki inayofuata ukumbi uleule familia nyingine. Ni chuo kigumu kuliko wanavyokiri. Bibi harusi haingii ukumbini mara ya pili eti kwa sababu kamera ilikuwa haijawashwa. Aliyeweza kunasa sauti ya babu akitoa nasaha huku mshereheshaji anapiga kelele na spika inalia, huyo kwenye seti tulivu ya Mbezi Beach hatatoka jasho. Na harusi, tofauti na filamu, inalipa siku hiyohiyo.

Jambo jingine nililolisikia uani ni kwamba foleni ya kamera ni ndefu na foleni ya sauti haina watu. Kila kijana anayeshuka stendi ni mpiga picha au mwongozaji mtarajiwa. Wa kushika kile kijiti cha maikrofoni mikono juu, dakika nzima bila kutikisika na bila kuangusha kivuli usoni mwa mwigizaji, hawapatikani. Wa mwendelezo hawapatikani vilevile: yule anayekumbuka kwamba kilemba cha mama mkwe kilifungwa kushoto na glasi ilikuwa nusu. Mtu mwenye mwandiko mzuri na macho makali anaweza kukaa kwenye tamthilia miaka, akawaacha wapiga picha wakiingia na kutoka. Hata anayejua kutunza risiti na kufunga hesabu ya siku anatafutwa kwa tochi.

Mtoto wetu hakuingizwa na cheti chake wala ile flashi. Aliingizwa na leseni ya udereva. Dereva wa Noah ya vifaa hakutokea, mtu akauliza pale dukani nani anaendesha, akasema yeye. Alipofika akashusha vifaa, hakuingia garini kulala kama madereva wengine, akauliza nyaya zinakunjwaje. Jioni fundi taa alikuwa na "mtu".

Mpaka hapa ningekuwa nimeandika makala ya kuwatia vijana moyo, na mhariri angefurahi. Lakini kuwa "mtu" wa fundi taa kuna gharama yake, nayo ndiyo inayoamua nani anaingia na nani anarudi kwao.

Ili jina lako limjie mtu saa nne usiku, lazima uwe Dar saa nne usiku, simu iwe na chaji, na kesho alfajiri uweze kufika Goba. Maana yake una pa kulala. Mwenye nyumba wa jiji hili anataka kodi ya miezi sita mkononi, wengine mwaka, na deiwaka wa seti, kibarua wa kutwa, hana mwezi mmoja. Halafu kuna kurudi. Kazi ikiisha saa saba za usiku daladala hakuna, na bodaboda ya kutoka Mbezi Beach hadi Chanika inameza posho yote, kama posho ilikuwepo. Ndipo wanalala palepale, juu ya mabegi ya vifaa. Kwa wavulana hiyo inakuwa hadithi ya kuchekesha. Msichana naye afanyeje? Anayeamua nani apande gari la kurudi anajua vizuri kwamba binti huyu hana kwao mjini. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inaitambua rushwa ya ngono kuwa kosa la jinai, lakini usiku wa manane Goba sheria haina gari. Binti mwenye shangazi wa kumpigia simu anaweza kusema hapana. Wasio naye ndio wanaonikosesha raha.

Basi tukisema tasnia imejaa vijana "wenye moyo", tuseme pia moyo huo unalipiwa na nani. Waliobaki si lazima wawe hodari kuliko wenzao. Wengi wao ni wale waliokuwa na kitanda wakati wenzao hawana. Mtoto wa Namtumbo mwenye jicho la kamera kuliko wote, kama hana ndugu Dar, hatutamjua kamwe.

Si hapa peke yake. Lupita Nyong'o, kabla ya Oscar, alikuwa miongoni mwa wasaidizi wa seti wakati The Constant Gardener inapigwa Kenya, filamu iliyotoka 2005. Mfano huo hupendwa na wanaotaka vijana wafanye kazi bure. Wanasahau kutaja kwamba baba yake miaka ile alikuwa waziri. Simpunguzii binti yule heshima, kipaji chake dunia imekiona. Nasema tu kwamba suala la kitanda lilikuwa limekwisha kabla hajafika seti. Mwas wa Nairobi Half Life, filamu ya 2012 ya kijana anayetoka shamba kwenda Nairobi kutafuta uigizaji, hakuwa na ndugu wa kumpa kitanda, akaporwa siku aliyofika na kuishia kwenye genge. Na filamu hiyo yenyewe ilitokana na mradi uliowaweka vijana wa Afrika chini ya wakufunzi wazoefu, idara kwa idara, wakajifunza kazi kwa kuifanya. Kwa hiyo mtu anaweza kufundishwa kwa utaratibu. Haihitaji mateso.

Nikiyasema haya mbele ya watayarishaji najibiwa neno moja: bajeti. Naijua bajeti. Najua televisheni inalipa kidogo na inachelewa. Lakini mwenye kamera analipwa kabla kamera haijatoka dukani, na hakuna mtayarishaji aliyewahi kumwambia azikodishe lenzi zake bure ili ajulikane. Mwenye jenereta analipwa, mafuta yanalipiwa, mama lishe asipolipwa leo kesho haleti wali. Anayeambiwa apende sanaa ni mmoja tu, yule asiye na kitu cha kuzuia isipokuwa mikono yake.

Ninachotaka si kikubwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 9 za kazi kwa siku, na hata ukijumlisha za ziada zisizidi 12. Mtu wa seti ataambiwa si mwajiriwa, ni deiwaka, hayamhusu. Haya, mpeni basi deiwaka haki ya deiwaka: nauli ya kuja, chakula, gari la kumrudisha kazi ikipita saa nne usiku, na posho inayotajwa kabla hajapanda Kosta. Hata wa siku ya kwanza. Bodi ya Filamu ndiyo inayotoa vibali vya kupiga picha; iyafanye hayo manne kuwa sharti la kibali, na ikague kwa kutuma mtu kwenye seti saa saba za usiku, si kwa kusoma karatasi ofisini.

Wakati tunasubiri, nina neno na shangazi wenzangu. Mtoto akikwambia amepata kazi ya filamu, muulize jina la aliyempigia simu, nyumba wanayopigia iko mtaa gani na nani anamrudisha. Asiyeweza kujibu hayo matatu asitoke. Muulize na posho. Akisema "watanifikiria", mwambie apige simu aulize ukiwa umekaa naye hapohapo. Hela ya harusi za Jumamosi akabidhi nusu nyumbani, hata kama ni ya mkaa tu. Na akirudi saa tisa za usiku ananuka moshi wa jenereta, mfungulie mlango, maana disko hakwenda.