Pasipoti Tunayo, Sababu Wanayo?

Makamanda, kila likizo inbox yangu ni swali moja: "Dada, naenda Nairobi, natakiwa niwe na nini?" Najibu hapa, halafu niseme lililonikaa kooni.

Mtanzania huhitaji viza kuingia Kenya. Unahitaji pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria kutoka Uhamiaji. Kadi ya homa ya manjano ibebe, wanaweza kuiulizia. NIDA peke yake haitoshi: Kenya, Uganda na Rwanda waliruhusiana kusafiri kwa vitambulisho tangu 2014, serikali yetu ikabaki nje, ndiyo maana kijana wa Tarime mwenye shangazi Migori lazima kwanza apange foleni ya hati. Ukifika Namanga gongesha muhuri, usipite njia za panya hata kama bodaboda anakuhakikishia. Kibali ni bure, hadi miezi sita. Hiyo siyo hisani ya afisa, ni Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kazi Julai 1, 2010.

Mkenya anayekuja kwetu ana haki hiyohiyo. Sasa mwulizeni Martha Karua. Mei 2025 alikuja kufuatilia kesi ya Tundu Lissu pale Kisutu. Waziri wa sheria wa zamani, wakili, hati zake kamili. Akazuiwa uwanja wa ndege Dar na kurudishwa kwao. Kesho yake zamu ya Willy Mutunga, Jaji Mkuu mstaafu wa Kenya! Boniface Mwangi na Agather Atuhaire wa Uganda waliingia, wakakamatwa, na siku chache baadaye wakatelekezwa karibu na mipaka ya nchi zao. Wote wawili wamesema waliteswa.

Eti wanaingilia mambo yetu ya ndani. Kesi inasikilizwa mahakama ya wazi, mtu amekaa benchi anasikiliza, ameingilia nini?

Mawakala wa chama tawala mitandaoni wanapenda ibara ya 7, kwamba nchi inaweza kumzuia mtu kwa ajili ya usalama wa umma. Kweli, imeandikwa. Lakini someni ibara yote: nchi inayoweka zuio hilo inatakiwa iziarifu nchi wanachama wenzake. Na someni kesi ya Mohochi. Wakili huyu Mkenya alifika Entebbe Aprili 2011, akazuiwa, akarudishwa Nairobi bila kuelezwa kosa lake. Uganda ikajitetea kwamba ni nchi huru, inamkaribisha inayemtaka. Mei 2013 Mahakama ya Afrika Mashariki ikaikatalia: ukishasaini Mkataba, uhuru huo una mipaka, na huwezi kumfukuza raia wa nchi mwanachama bila kumpa sababu wala nafasi ya kujitetea. Mahakama hiyo iko Arusha, jamani. Arusha yetu.

Na msidhani hili ni la wakubwa tu. Leo tunamrudisha Mutunga, kesho afisa wa upande wa pili anamrudisha binti aliyefuata mitumba Gikomba, na serikali yetu itamtetea kwa mdomo upi?

Kwa hiyo ukizuiwa mpaka wowote wa Jumuiya, omba sababu kwa maandishi. Wakigoma, andika tarehe, saa na jina la afisa, tunza tiketi. Kisha usikae nalo. Ibara ya 30 ya Mkataba inakupa miezi miwili tu kufungua shauri, na mawakili wa serikali huanza kwa kuhesabu tarehe kabla hawajagusa hoja yako.