Biskuti za Noeli na Mikono ya Watoto



Siku za Noeli zinapokaribia, watoto huuliza: «Tutakula nini?» Wiki hii twataka kuwafundisha swali jingine lililo bora: «Tutatengeneza nini?» Mtoto aliyepewa biskuti ya dukani hufurahi mpaka imalizike kinywani, bali aliyeikanda na kuipamba kwa mikono yake huikumbuka siku ile hata awapo mtu mzima.

Desturi hii ni ya zamani. Katika Ubelgiji, sikukuu ya Mtakatifu Nikolao, tarehe 6 Desemba, huja pamoja na biskuti ziitwazo speculoos, ngumu, za rangi ya kahawia, zenye kunukia mdalasini. Zamani donge lake lilikandamizwa katika kibao cha mti kilichochongwa, likatoka na sura ya Nikolao mwenyewe, aliyekuwa askofu wa Myra, katika nchi ya Uturuki ya leo, karne ya 4. Sisi hatuna haja ya kibao hicho. Kisu kidogo na mdomo wa bilauri vyatosha.

Vitu vinavyohitajiwa ni hivi: unga wa ngano gramu 250, siagi au margarini gramu 125, sukari gramu 125, yai moja, mdalasini kijiko kidogo kimoja, karafuu ya kusagwa kidogo sana, na chumvi kidogo. Unga wa ngano ukiwa ghali, robo yake yaweza kuwa unga wa muhogo. Siagi na sukari vipigwe pamoja hata vilainike. Litiwe yai, kisha unga na viungo. Donge lifunikwe, lipumzike nusu saa mahali penye baridi, ndipo lisukumwe kwa chupa safi hata liwe na unene wa nusu sentimita. Zitapatikana biskuti ndogo kama 30.

Asiye na tanuri asikate tamaa. Sufuria kubwa itandikwe mchanga mkavu, iwekwe juu ya mbabula yenye makaa machache, ifunikwe, na makaa mengine yawekwe juu ya mfuniko. Sufuria ikiisha kupata moto, sahani ya bati yenye biskuti iwekwe juu ya mchanga. Baada ya dakika 15 hivi mama afunue atazame: kingo zikiwa za kahawia, zimeiva. Kazi ya moto ni ya mtu mzima, na mbabula ikae nje, kwa maana makaa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu. Tena watoto wasilambe donge bichi. Unga na yai visivyopikwa vyaweza kuwa na vijidudu vya kuharisha.

Biskuti zikiisha kupoa, mchezo waanza. Sukari itwangwe kinuni hata iwe kama vumbi, ikorogwe na matone ya maji ya ndimu mpaka iwe nzito. Kwa kijiti kisafi mtoto atachora milia myeupe kwenye mapaja ya okapi wa Ituri. Mwingine atataka chukudu ya Goma pamoja na mzigo wake. Manjano kidogo yatampa jua. Na kiboko akitokea na miguu mitatu, msimcheke fundi wake hata aone haya. Mwulizeni tu mguu wa nne umezama mto gani.

Sasa twafika kwenye neno lililotufanya tuandike. Kuna nyumba ambamo wasichana huitwa jikoni na wavulana hufukuzwa. Kuna nyumba nyingine ambamo mtoto wa ndugu, aliyeletwa kulelewa, hufagia unga ulioanguka wakati wenzake wanapamba. Mtoto huyo hasemi neno, lakini anahesabu. Anajua nani alipewa tano na nani alipewa mbili zilizovunjika. Hesabu hiyo hukaa moyoni muda mrefu kuliko utamu wa sukari.

Basi, siku hiyo wote wanawe mikono pamoja, wote wakande, wote wapambe, wote wafagie. Baba naye akipata nafasi, avute kiti. Wakati wa kugawa, mwekeni mtoto mmoja awe mgawaji, na sheria iwe hii: anayegawa huchukua fungu la mwisho. Mtaona jinsi macho yake yatakavyokuwa makini! Watoto sita kwa biskuti 30, kila mmoja apata tano. Tena kila mmoja atoe moja, ijazwe sahani ya jirani ambaye mwaka huu hakuweza kununua hata unga.

Samaki mkunje angali mbichi. Haki nayo hufunzwa mapema, nayo hukaa vema katika mkono ambao bado una unga.