Akufaaye kwa Dhiki

Kila baada ya miaka minne, mwezi wa Agosti, maelfu ya wapanda baiskeli hukusanyika karibu na mji wa Paris, Ufaransa, wakaenda mpaka Brest, pwani ya magharibi, na kurudi. Njia hiyo yapita kilomita 1,200, na wengi wao hupewa saa 90 kuimaliza. Kula, kulala na kuziba pancha vyote huhesabiwa ndani ya saa hizo.

Safari hii ilianzishwa mwaka 1891 na mwandishi wa gazeti, Pierre Giffard, na Charles Terront alishinda kwa muda wa saa 71 na dakika kadhaa. Siku zile yalikuwa mashindano hasa. Siku hizi atanguliaye hapati fedha yo yote. Yeye na afikaye dakika za mwisho huandikwa katika orodha moja.

Twaitaja habari hii kwa ajili ya mambo ya mwaka 2007. Mwaka ule mvua na upepo viliwaandama wasafiri usiku na mchana. Walianza watu zaidi ya 5,000, na karibu watatu katika kila kumi walishindwa. Nao hawakuwa wavivu wala wageni wa kazi, kwa maana kila mmoja alikuwa amekwisha kumaliza safari za majaribio za kilomita 200, 300, 400 na 600.

Mvua yenyewe haimwangushi mtu. Kimwangushacho ni nguo mbichi pamoja na upepo, ambavyo huunyang'anya mwili joto lake. Vidole hufa ganzi hata visiweze kukaza breki. Kisha mtu hutetemeka, na akili hupotea njia kabla ya baiskeli. Hali hiyo ikimfika mtu aliye peke yake gizani, ni nani atakayemwambia kwamba amekwisha kuharibikiwa?

Hapo ndipo faida ya mwenzi ionekanapo. Sheria za safari hukataza gari kumsaidia mtu katikati ya vituo, lakini haziwakatazi wapandaji kusaidiana. Atanguliaye huukata upepo, na amfuataye karibu hupunguziwa kazi nyingi. Wakipokezana zamu, wawili huvuka mahali ambapo kila mmoja peke yake angelishindwa.

Wako wasemao kwamba mwenye nguvu aende zake, kwani saa haimngoji mtu. Wako pia wasemao kwamba wawili wakiondoka pamoja lazima warudi pamoja, hata ikiwa wote watachelewa. Sisi twaona kwamba maneno yote mawili yana upungufu, na kwamba haki ni kupatana kabla ya kuondoka.

Mapatano hayo yana wajibu wa pande mbili. Mwenye nguvu ashike zamu ndefu zaidi mbele ya upepo bila ya manung'uniko. Aliyechoka naye aseme mapema, kwani kuficha uchovu si ushujaa, ni kumtwika mwenziwe mzigo asioujua. Mgonjwa asiachwe barabarani kwa sababu yo yote ile, hata kama kungoja kutamgharimu mwenziwe safari nzima. Lakini akiisha kufikishwa penye moto, chakula na watu wa kumtazama, ni wajibu wake yeye kumwambia rafiki yake, "Nenda, ndugu yangu." Kumzuia hapo ni choyo.

Safari iliyokosekana mwaka 2007 iliweza kutafutwa tena mwaka 2011. Mtu aliyeachwa mtaroni usiku wa mvua huenda asipatikane asubuhi.

Wasomaji wetu waendao kazini kwa baiskeli alfajiri za masika hawahitaji kufika Brest ili kulifahamu jambo hili. Wazee wetu walikwisha kusema kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Basi, kabla hujaondoka na mwenzako, mwulize: mvua ikitukuta, tutafanyaje?