Soda Chungu si Dawa ya Malaria

Katika kantini zetu, ndugu askari, kila mtu ana soda yake. Mmoja hutaka ya machungwa, mwingine ya tangawizi. Mimi hupenda toniki, kwa uchungu wake. Uchungu huo ni wa kwinini, itokayo katika gome la mti wa sinkona, ambao umepata kulimwa hata Kivu. Ndipo wengine hudai kwamba chupa mbili kwa siku zatosha kumkinga mlinzi wa mpakani na malaria. La, hasha! Lita nzima ya toniki kwa kawaida haifikishi miligramu 100 za kwinini, hali mtu mzima anayetibiwa kwa dawa hiyo hupewa takriban 600 kila baada ya saa 8. Tuinywe kwa ladha. Homa ikibisha hodi, twende zahanati tukapimwe damu siku ile ile.