Gesi ya Lindi: Tupime hewa ya bahari kabla mitambo haijawaka

Ukisikia LNG ya Lindi, unasikia dola. Uwekezaji wa zaidi ya dola bilioni 40, kampuni za Equinor na Shell, eneo la Likong'o, ajira, mapato. Mwaka 2023 serikali ilisema mazungumzo makuu yamekamilika, watu wa Lindi wakabaki kusubiri saini.

Ipo hesabu nyingine ambayo haisikiki sana: hewa iliyo juu ya bahari kuanzia Kilwa hadi Lindi. Hewa hii ina kemia yake, na ni rahisi kuivuruga kuliko ya Dar es Salaam. Ndiyo maana kipindi hiki cha kusubiri kina thamani. Ni kipindi cha kupima.

Ozoni moja, sura mbili

Tuondoe mkanganyiko kwanza. Ozoni uliyofundishwa shuleni iko juu sana, kilomita 15 hadi 35 hivi kutoka ardhini, na inatukinga na mionzi mikali ya jua. Hiyo tunaihitaji.

Ozoni ya huku chini, hii tunayoivuta, ni gesi ileile ila shughuli yake ni nyingine. Inakera mapafu na kumbana zaidi mwenye pumu. Inaingia kwenye majani ya mimea na kupunguza mavuno. Kwa maharage, soya na ngano hilo linajulikana vizuri. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri wastani wa saa 8 usizidi maikrogramu 100 kwa kila mita ya ujazo.

Ozoni hii haitoki kwenye bomba la moshi ikiwa tayari. Inatengenezwa hewani. Oksidi za naitrojeni kutoka kwenye injini, mitambo na moto zinakutana na gesi kama kaboni monoksidi au methani, jua linamalizia kazi. Na jua, Lindi lipo la kutosha.

Bahari safi inakula ozoni

Katikati ya bahari mambo yanageuka. Mwanga wa jua unaivunja ozoni, kipande kinachobaki kinakutana na mvuke wa maji, na inazaliwa chembe kali iitwayo haidroksili. Hii ndiyo dobi wa anga: inashambulia methani na kaboni monoksidi na kuziondoa hewani. Yaani hewa safi ya bahari inatumia ozoni kujisafisha.

Halafu kuna madini joto, yaleyale yanayowekwa kwenye chumvi ya dukani. Yapo kidogo kwenye maji ya bahari. Ozoni ikigusa maji hayo inamenyuka nayo, madini joto yanapanda hewani na kuendelea kuivunja ozoni nyingine. Ndiyo maana hewa safi ya bahari za joto inaweza kuwa na chini ya molekuli 20 za ozoni katika kila bilioni moja za hewa.

Lakini kuna sharti: oksidi za naitrojeni ziwe chache mno. Zikizidi makumi machache ya molekuli kwa kila trilioni, mnyororo uleule unageuka na kuanza kutengeneza ozoni badala ya kuila.

Kinachoshangaza wengi ni hiki. Mjini, kwenye foleni ya magari, moshi mbichi unaila ozoni ya hapo barabarani, na moshi kidogo ukiongezeka tofauti ni ndogo. Kwenye hewa safi, kila molekuli ya oksidi za naitrojeni inazalisha ozoni nyingi zaidi kabla haijapotea. Kwa hiyo tani moja ya moshi Likong'o si sawa na tani moja Ubungo.

Kusi na kaskazi

Kuanzia Aprili hadi Oktoba hivi, kusi inatuletea hewa iliyosafiri maelfu ya kilomita juu ya Bahari ya Hindi bila kupita miji mikubwa. Hiyo ndiyo hewa safi yetu.

Kaskazi, Desemba hadi Machi, ni habari nyingine. Upepo huohuo uliosukuma majahazi kutoka Arabuni na India hadi Kilwa Kisiwani unaweza kubeba pia uchafu wa viwanda na majiko ya huko, ingawa unakuwa umepungua sana ukifika kwetu. Mapema mwaka 1999, wanasayansi wa mradi wa INDOEX walitumia ndege na meli wakakuta ukungu wa uchafu kutoka Asia ya Kusini umetanda juu ya sehemu kubwa ya kaskazini mwa Bahari ya Hindi, msimu huohuo wa kaskazi.

Ongeza moto wa mashamba na mapori, Julai hadi Oktoba. Kusini mwa Afrika, ozoni ya chini hupanda zaidi Septemba na Oktoba.

Maana yake ni kwamba kipimo cha wiki moja hakisemi kitu. Unahitaji mwaka mzima, kusi na kaskazi.

Kinachokuja

Tuwe wa haki. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa 1974 na kuanza kufika Dar mwaka 2004, imesaidia kuzalisha umeme bila kuchoma mafuta mazito. Salfa na masizi vimepungua. Hiyo ni faida.

Kiwanda cha LNG ni kazi nyingine. Gesi inapozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri, na hiyo inahitaji mitambo mikubwa inayofanya kazi usiku na mchana, mwenge wa kuchomea gesi ya ziada, na meli za kubeba. Hata gesi iwe safi kiasi gani, moto mkali unazalisha oksidi za naitrojeni, kwa sababu naitrojeni inatoka kwenye hewa yenyewe. Na methani ikivuja, inakaa angani miaka kama kumi ikichangia ozoni hadi mbali.

Meli nazo zinaongezeka. Tangu Januari 1, 2020, mafuta ya meli hayatakiwi kuzidi asilimia 0.5 ya salfa, kutoka 3.5. Ni hatua nzuri, ila inabana salfa, si oksidi za naitrojeni. Tangu mashambulizi ya Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023, meli nyingi zimekuwa zikizunguka Rasi ya Tumaini Jema. Na Kilwa Masoko kuna bandari ya uvuvi ya Sh266 bilioni.

Nani ana namba?

Mtandao wa SHADOZ umekuwa ukirusha maputo ya kupima ozoni katika nchi za joto tangu 1998. Vituo vya jirani ni Nairobi na kisiwa cha Réunion. Malindi, Kenya, ilipima kwa miaka michache kuanzia 1999. Tanzania haina kituo kwenye mtandao huo.

Setilaiti ya Ulaya ya Sentinel-5P, iliyorushwa Oktoba 2017, inaona hadi mistari ya moshi wa meli baharini. Lakini inapita mara moja kwa siku, mchana, na haikuambii mtoto wa Mchinga anavuta nini.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira. Hapo ndipo pa kubana: vipimo vya mwaka mzima, Songo Songo, Kilwa na Likong'o, na matokeo yawekwe wazi.

Bila hivyo, siku mwanakijiji akisema kifua kinambana, mwekezaji atajibu hali ilikuwa hivyohivyo, ni moshi wa mkaa. Nani atambishia? Na mwekezaji naye akisingiziwa uchafu ulioletwa na kaskazi, atajitetea na nini?

Saini ikiwekwa kesho, ujenzi utachukua miaka. Mwaka mmoja wa kupima unaenea humo. Ila lazima uanze kabla ya greda la kwanza, maana nalo linatoa moshi.