Butembo: jeep ya bei ndogo, hasara kubwa

Wapo wafanyabiashara wa Butembo wanaokimbilia jeep ya okazio kwa sababu bei ni ndogo. Injini inanguruma vizuri, rangi inang'aa, dola zinatoka. Lakini jeep si injini peke yake. Wauzaji wengine hutoa kardani ya mbele ili kelele isisikike. Gari inatembea, ila kwa magurudumu mawili tu. Mvua ikinyesha kwenye njia ya Manguredjipa, mizigo inalala matopeni, na mgonjwa aliyepandishwa juu yake pia. Mnunuzi aingie chini ya gari pamoja na fundi wake mwenyewe, kisha aijaribu matopeni, si kwenye lami. Naye muuzaji aseme ukweli: ubovu unaofichwa sokoni, abiria ndio wanaoulipa njiani.